Barua kwa Waziri Kiongozi

Safaa, mwanangu wa mwisho, alitaka kwenda wilayani Micheweni siku ileile sheha alipotuletea karatasi. Ni mimi niliyemzuia.

Karatasi ilisema jirani yetu Suhail ameomba shamba letu la Wingwi lipimwe kwa jina lake. Mwenye pingamizi alipeleke wilayani ndani ya siku thelathini. Safaa ni mjane, ana watoto wanne, na hana chengine cha kuwalisha ila muhogo wa shamba hilo na minazi yake kumi na saba.

"Mama, n'naondoka na gari ya saa moja."

"Kaa kitako. Jambo la ardhi halianzi kwa makarani. Ukipitia mlango wa uani, mwenye nyumba hakuheshimu. Hili ni la Waziri Kiongozi."

"Kwani huyo yupo bado?"

"Wewe umezaliwa juzi, utajua nini?"

Mimi nilikuwa darasa la tatu, mwaka sitini na tatu, mwalimu alipotuandikia ubaoni "Waziri Mkuu" kwa chaki nyekundu. Yakaja Mapinduzi, jina likaishi miezi michache, kisha likafutika. Waziri Mkuu tukawa tunamsikia wa Bara tu. Miaka ya themanini tukapata Waziri Kiongozi wetu wenyewe. Marehemu mume wangu, Rajab, alimpa mmoja wao barua mkononi siku ya kufungua skuli, kuhusu mpaka wa shamba hilihili. Wiki tatu hazikwisha, wakaja watu wakatupangia mawe. Tangu hapo, kwetu sisi serikali ilikuwa na mlango mmoja.

Mwaka elfu mbili na kumi nilisikia redioni kwamba cheo kimeondolewa, wamewekwa Makamu wawili wa Rais. Nikadhani mkubwa kabadilishwa kanzu tu, kiti ni kilekile.

Barua ilichukua siku tisa. Nihal, binti wa jirani mwengine, mwenye hati nzuri ya mkono, aliiandika mara tatu kwa sababu salamu za mwanzo hazikuniridhisha. Nikampa Masika, mtoto wa kaka yangu, anayepeleka pweza mkavu Unguja kutoka Tumbe. Mzigo wake ukachelewa. Kila asubuhi Safaa akinitazama, nami namwambia, "Subira, mwanangu."

Masika alipiga simu siku ya thelathini na mbili.

"Shangazi, n'mezunguka mji mzima namuuliza Waziri Kiongozi, watu wananicheka! Mlinzi mmoja kan'uliza, 'Bwana, umetoka Pemba au umetoka kaburini?' Mwisho n'kaelekezwa kwa Makamu wa Pili."

"Alhamdulillahi. Wamesemaje?"

"Bibi wa mapokezi kaisoma yote, kwa adabu. Kasema pingamizi hupelekwa wilayani, tena kabla ya siku kwisha. Siku zishakwisha, Shangazi."

Safaa alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia.

Kesho yake alikwenda Micheweni, akarudi kabla ya adhuhuri. Walimpa kiti, wakamwonesha tarehe. Sheha wetu, Mzee Ishak, akasema lililobaki ni mahakama. Nikamuuliza mahakama inataka nini. Akaniangalia miguuni, kwenye kandambili zangu, akasema, "Inataka wakili, Bi Mwanawema."

Wapimaji walichimbia nguzo nne za saruji, vichwa vyake vimepakwa rangi nyeupe. Suhail hakutufanyia ukali. Alisema tuchukue mazao yetu mpaka Ijumaa.

Muhogo ulikuwa wa miezi mitano. Tuliung'oa Jumatano na Alhamisi, mimi na Safaa na watoto, mizizi yenyewe mingi haijazidi kidole gumba. Mingine tuliitupa, haina hata wanga. Kazi yote ile Safaa alisema na watoto, alisema na mbuzi aliyekuja kula majani, na mimi hakunambia neno.

"Safaa," nikamwambia, "n'tukane basi, mwanangu. N'tukane nijue moja."

Akajifuta udongo usoni kwa ncha ya kanga.

"N'kutukane ndiyo nini, Mama? Shika upande huo wa gunia."

Nikashika. Lilikuwa jepesi, hata mimi peke yangu ningeliweza.