Maombi Yenye Muhuri

Katika kanisa lao la Chekalini, mwanamke hakuomba kwa sauti mbele ya watu mpaka maombi yake yapigwe muhuri. Muhuri wenyewe ulikuwa wa mpira, nao ulikaa katika mfuko wa koti la Mzee Makhanu, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Uligongwa kwenye vyeti vya ubatizo, uligongwa kwenye barua za wanaohamia makanisa mengine, na mara moja kwa mwaka, Jumapili ya Akina Mama, uligongwa kwenye maombi ambayo mwanamke mmoja angesimama mimbarini kuyasoma. Kwa hiyo Makhanu aliyapata kwanza, Mungu akafuata. Zilpah alikuwa ameishi na jambo hilo tangu aolewe bila kuliona ajabu, lakini mwaka huo wa 1994 lilimkwama kooni.

Yeye ndiye aliyekuwa akiyaandika, kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na maneno hayakumwishia. Aliandika nyuma ya kurasa za kalenda kuukuu, mezani pale jikoni, moshi ukimtoa machozi. Kila mwaka waliwaombea dada zao wanaoteswa kwa ajili ya imani, wanawake waliofungwa katika nchi za mbali ambazo Chekalini zilijulikana kwa redio tu. Watu walilia. Zilpah mwenyewe alilia. Kisha wakatoka nje wakala wali na kuku, mambo yakaisha hadi mwaka mwingine.

Mwaka huo aliandika jina la mtu wa hapo hapo Chekalini. Aliandika Beverlyne.

Beverlyne alikuwa mjane wa Protus, aliyefariki wakati wa palizi mwaka uliotangulia. Matanga yalipokwisha, shemeji yake Were alimjia akamwambia mila inataka atakaswe: alale naye, kisha awe mke wake, na shamba libaki palepale nyumbani. Beverlyne akajibu kwamba ameokoka, kwamba hatalala na mtu asiye mumewe, na shamba ni la watoto wa Protus. Tangu siku hiyo akahesabiwa mchafu. Were alipanda juu ya nyumba akang'oa mabati ya upande mmoja, akisema yalinunuliwa na kaka yake, akampa muda hadi mavuno awe amefunga virago. Wa kumzuia hakuwepo isipokuwa kanisa. Were alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu anayependa sana kuonekana wa Mungu, na kama jina la Beverlyne lingetajwa mbele ya ushirika wote, angeona haya. Lakini kanisa lilikuwa limenyamaza kimya.

Na palikuwa na kile kigoda. Mjane ambaye hajatakaswa haketi benchi moja na wake za watu, na mke wa mtu akikalia kiti chake, mumewe hufa. Ndivyo walivyoamini, waliookoka na wasiookoka. Basi kila Jumapili Beverlyne alikuja ibadani amebeba kigoda chake cha kukamulia ng'ombe, akakiweka nyuma, karibu na mlango, akaketi peke yake. Na hao waliomwachia nafasi pana namna hiyo ndio walioimba, mikono juu, kwamba wote ni wamoja!

Alhamisi kabla ya Jumapili yenyewe, Zilpah alipeleka maombi kwa Mzee Makhanu. Alimkuta mbele ya ghala akishona magunia ya mavuno. Mzee aliyasoma akichezesha midomo, na alipofika katikati akatoa kalamu.

"Mama Ruthi, hii maombi ni mzuri sana. Lakini huyu mtu toa."

"Mzee, huyu mtu ndiye maombi yenyewe."

"Weka wale wa mbali. Wale huwanga wanaliza watu."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, Mzee."

"Hiyo si Maandiko."

"Na wajane hawako kwa Maandiko?"

"Wako." Mzee akakuna kidevu. "Lakini wale wa Maandiko hawana shemeji hapa kanisani."

Were alikuwa mtoto wa dada yake Makhanu. Zilpah alijua, na mzee alijua kwamba anajua. Akalikata jina kwa mstari, akaupulizia muhuri pumzi ili upate unyevu, akaugonga. Kisha akamuuliza habari za watoto, kwa upole kabisa, na upole huo ulimuudhi Zilpah kuliko mstari.

Alirudi nyumbani akiomba njiani, ikiwa kule kulikuwa kuomba, maana aliyemsikia angedhani anagombana na mtu. Alimwambia Mungu kwamba ameandika miaka yote hii hajaona hata ukuta mmoja wa gereza ukipata ufa. Alimwambia awape wazee ujasiri, na kama hawezi kuwapa ujasiri, basi awape aibu. Mungu hakujibu. Mahindi yalikuwa yamekauka pande zote mbili za njia, na kila hindi lilimkumbusha kwamba mavuno yamefika.

Mumewe, Joash, alikuwa mezani na sahani ya obusuma, ugali wa kwao, na mboga.

"Mzee akikataa, amekataa," alisema. "Wewe umefanya yako."

"Sijafanya kitu. Nimeandika tu."

"Na si hiyo ndiyo kazi yako?"

Joash hakuwa na nia mbaya, maskini, lakini neno lilimchoma. Zilpah alikumbuka juzi alipokwenda kumwona Beverlyne. Beverlyne alimletea chai, kisha akamletea kigoda, kwa kuwa viti vingine Were alikuwa amevibeba. Zilpah akasema ana haraka. Akainywa ile chai amesimama, ikimuunguza ulimi, na Beverlyne akakitazama kigoda, akakirudisha kando ya ukuta. Jioni ile ile Zilpah alikuwa ameketi akajaza ukurasa mzima kuhusu upendo wa dada kwa dada.

Alikuwa amemkasirikia Makhanu, akamkasirikia Mungu, na sasa hasira ilikosa pengine pa kwenda, ikamrudia mwenyewe.

"Baba Ruthi," akasema. "Nikikalia kigoda cha Beverlyne, utakufa?"

Joash aliacha kutafuna. "Usicheze na hiyo kitu."

"Si umeokoka?"

"Kuokoka nimeokoka. Lakini hata mwenye kuokoka huzikwanga."

Zilpah hakucheka. Joash alikuwa na kifua kibovu tangu msimu wa kupanda, na kukohoa kwake usiku kulimfanya Zilpah aamke na kusikiliza. Alimpenda mtu huyu. Kama angekufa, watu wangemnyooshea nani kidole? Na je, mwenyewe hangeamini walivyosema? Hilo ndilo lililomtesa, kwamba hakuweza kuapa kuwa hangeamini. Alipiga magoti palepale jikoni na maneno, ambayo hayakuwahi kumwishia, yakamwishia. Alibaki akisema, "Bwana, naogopa. Bwana, naogopa." Hayo hayakuandikwa popote, na kwa mara ya kwanza wiki ile alihisi kwamba kuna anayesikiliza.

Jumapili kanisa lilifurika. Were alisimama mbele ya kwaya, tai imemkaa shingoni. Mzee Makhanu aliketi kiti cha mikono. Zilpah akapanda mimbarini na karatasi yake yenye muhuri, akaanza kusoma, na akina mama wakaanza kupangusa macho kabla hata hajafika kwenye huzuni.

"Tunawaombea dada zetu wa mbali waliofungwa," alisoma. "Wanaoteswa kwa kulikataa neno la wanadamu na kulishika neno lako..."

Akaikunja karatasi. Selpher, mwenyekiti wa akina mama, alidhani amezidiwa na machozi, akapaza sauti, "Amina!" na kanisa zima likaitikia. Mzee Makhanu akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Zilpah akashuka. Hakurudi kwenye benchi la mbele, pembeni mwa Selpher, mahali pake pa siku zote. Alipita katikati ya kanisa mpaka mlangoni.

"Inuka," alimwambia Beverlyne.

"Nimefanya nini tena, Mama Ruthi?"

"Inuka, dada. Nataka kuketi."

Beverlyne aliinuka kwa woga. Zilpah akaketi juu ya kigoda. Kilikuwa kifupi, magoti yake yakapanda hadi kifuani watu wakiona. Upande wa wanaume Joash alisimama. Alimtazama mkewe, kisha akatoka nje bila kufunga mlango, na kikohozi chake kikasikika kikienda njiani. Zilpah alitaka kumkimbilia. Hakusogea.

"Na mimi sasa nikae wapi?" Beverlyne aliuliza, na sauti yake ilikuwa na hasira. "Umeninyang'anya kiti mbele ya watu."

"Kaa kwangu."

"Kwako ni mbele."

"Ni mbele, ndiyo."

Beverlyne akaenda. Alipoketi, akina mama wa benchi lile waliinuka mmoja baada ya mwingine, wakabanana ukutani na mikoba yao, Selpher akiwa wa mwisho. Akabaki peke yake kwenye benchi refu, hatua chache kutoka mimbarini, ambako mwaka wote hakuwahi kufika. Mchungaji alikohoa akatafuta wimbo. Beverlyne akasimama kabla hajaupata.

"Mungu, mimi ni Beverlyne, mjane wa Protus," alisema, bila karatasi. "Shemeji yangu Were ameng'oa mabati yangu. Yuko hapa, mbele ya kwaya, amevaa tai. Mvua hunyeshea watoto wangu. Mavuno yakiisha anataka nitoke, na mimi sitatoka."

Mkono wa Mzee Makhanu uliingia katika mfuko wenye muhuri, ukabaki humo.

"Amina," Zilpah akasema kutoka kwenye kigoda, kwa nguvu zake zote, wala hakungoja kuona kama yuko mwingine atakayeitikia.