Nozo Zinazokojoa

Kama kuna mtu Kibera nzima aliyechukia uchafu kuliko Wayua, basi huyo bado hajazaliwa. Kazi yake ilikuwa kufua vitambaa vya meza na vya viti vya harusi, hapo mpakani na mtaa wa Ayany, na alivifua mpaka ukivitazama juani unafumba macho. Sasa mtu kama huyo umketishe kwenye gereji moja sehemu iitwayo Kongo, Kawangware, juu ya tairi kuukuu, mtaro mweusi ukipita karibu na viatu vyake! Sketi ameiinua kwa vidole viwili, leso ameibana puani. Kila kitu pale kilimtia kinyaa: oili iliyogandamana na vumbi, panya aliyekanyagwa na gari tangu jana, na Shivachi, fundi mwenyewe, aliyekuwa akila mandazi kwa mkono uleule uliotoka kwenye injini.

Lakini aliyemchefua kuliko hayo yote ni Mutinda, dereva wake, mtoto wa marehemu dada yake. Alisimama kando ya pikapu, mikono mfukoni. Wayua hakutaka hata kumtazama.

Pikapu yenyewe, iliyopeleka vitambaa harusini, ilikuwa mzee wa barabara, mita yake ya kilomita ilishachoka kuhesabu. Ilipoanza kutoa moshi mweusi, Shivachi alizitoa nozo, vile vipulizio vinavyorusha dizeli ndani ya injini, akazisafisha, akasema ni uzee tu. Gari likatulia. Halafu likarudia tena, moshi tii, injini ikigonga kama mtu anayetwanga mahindi. Jumamosi iliyopita mama wa bibi harusi alipitisha kidole kwenye kitambaa cha kiti, akamwonyesha Wayua masizi mbele ya wageni. Wayua alirudi nyumbani akatapika. Si mchezo, alitapika kweli.

Na sababu aliijua, au alijiambia anaijua. Mutinda anauza dizeli yake na kujazia mafuta ya taa, basi! Aliwaambia majirani, akawaambia akina mama wa kanisa, na asubuhi hiyo akamwambia Mutinda mwenyewe mlangoni, mkewe amesimama pale na mtoto mgongoni.

"Leo nozo zifunguliwe nikiona. Ikipatikana ni mafuta ya taa, kazi yangu umemaliza na kwangu mnahama wote. Siwezi lala paa moja na mwizi."

"Sawa, anti," Mutinda alijibu.

Shivachi alifunga nozo ya kwanza kwenye pampu yake ya mkono, akakandamiza mpini. Dizeli ikachuruzika, ikadondokea karatasi.

"Ona, mama. Nozo ikiwa nzima inapuliza ukungu. Hii yako inakojoa."

"Ai! Lugha gani hiyo?"

"Inakojoa, mama. Sina jina lingine."

Zote zilikuwa hivyo hivyo, zinakojoa tu, ncha zina kutu na ute mweupe unaonata kama makamasi. Wayua alimeza mate akajuta kuyameza.

"Ni mafuta ya taa?" aliuliza upesi, na hamu ikasikika.

Shivachi alifungua kikombe cha filta, chujio la dizeli, akamwaga yaliyokuwamo kwenye karai, akanusa. "Zii. Dizeli ni sawa. Lakini kuna maji." Akatikisa karai, na juu pakafanya povu. Akaitoa filta yenyewe, ikamvunjikia mkononi kama mkate ulioloa chai.

"Ni nani huyu mshenzi ameosha filta?" Alipaza sauti mpaka mafundi wengine wakageuka. "Hii ni karatasi! Ukiisugua inatoboka, taka zote zinapita hadi kwa nozo! Na sabuni juu! Mtu wa akili timamu anaoshaje hii kitu?"

Wayua aliinamisha uso kwenye leso. Maana aliyeiosha ni yeye. Mara ile ya kwanza gari lilipoletwa, aliiona filta kwa fundi, nyeusi, inachukiza, na hakupata usingizi. Akaifungua mwenyewe, akailoweka kwenye sabuni ya unga, akaisugua kwa brashi ya viatu, akaianika kwa vibanio katikati ya vitambaa vyeupe. Mutinda aliikuta pale. "Anti, hiyo haioshwagi. Inanunuliwa ingine." Naye akamjibu, "Nyamaza wewe, uchafu umeuzoea." Na kila ilipochafuka akaiosha tena, huku akijisifu.

"Ni mimi niliosha," Mutinda alisema.

Shivachi akamgeukia, akamporomoshea matusi: bwege, fala, takataka ya mtu, kazi ya gari alipewa na nani. Mutinda aliangalia chini. Wayua alikaa kwenye tairi lake akiyasikiliza matusi hayo, moja baada ya jingine, yote yake. Kinyaa kikampanda, na safari hii hakikutoka mtaroni. Alijichukia.

"Shivachi, wachana na yeye," alisema. "Niliosha mimi. Huyu kijana alinikataza. Na hajaiba hata tone."

Fundi mmoja alicheka. Shivachi akarudi kwenye kazi. Alimwaga tanki lote, akasugua ncha za nozo kwa brashi laini ya shaba, akazipima hadi kila moja ikapuliza ukungu, akaweka filta mpya. Injini ikawaka bila kugonga, moshi hauonekani.

Mutinda aliizima, akashuka, akamwekea Wayua funguo mkononi.

"Gari imepona, anti. Wacha nikasaidie mke wangu kufunga vitu."

"Vitu gani? Si nimesema ni mimi!"

"Umeambia mafundi wa Kawangware," Mutinda alisema bila hasira. "Kibera bado mimi ni mwizi."

"Nitawaambia! Jumapili nitasimama mbele ya kanisa!"

"Sawa, anti."

Alishika njia ya kwenda barabarani. Wayua alimwita, akamwita tena kwa jina ambalo marehemu mama yake alimwita utotoni. Hakugeuka. Nyuma ya pikapu vitambaa vya harusi ya mchana vilikuwa vimepangwa, vyeupe pe, vimefunikwa na turubai.

"Mama, ondoa gari basi, kuna ingine inaingia," Shivachi alisema.

Wayua aliziangalia funguo. Hakujua kuendesha gari.