Mlezi wa Kuandika Kwenye Fomu

Waliponitoa kwenye cherehani na kunifanya msimamizi wa karakana nzima, meneja alinipa funguo, daftari na fomu moja. Kila msimamizi mpya, alisema, achague mlezi wa kumkuza kiuongozi, mtu aliyebobea humu humu kazini, na mlezi mwenyewe atie saini. Mwisho Ijumaa saa sita mchana. Asiyekuwa na mlezi atarudi kwenye cherehani yake, cheo apewe mwingine. Nilikuwa nimeshona mikono ya mashati miaka kumi na moja. Kurudi sikutaka hata kusikia.

Shida ni kwamba mimi simwamini mtu. Baba watoto hunicheka, anasema siku nikiona kivuli changu kinanifuata nitakiuliza kinataka nini. Acheke. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo nimekaa nazo muda mrefu.

Waliofaa walikuwa wawili. Wa kwanza ni mtunza stoo, tuliyemwita Asali kwa utamu wa ulimi wake. Tangu nipande cheo alikuwa ananiletea chai mezani, mdogo wangu huku, mdogo wangu kule, na miaka yote hiyo kumi na moja hakuwahi kujua nakunywa na sukari ngapi. Wa pili ni mkuu wa wakataji, Mzee Futi, ambaye utepe wa kupimia haumtoki shingoni hata akienda msalani. Huyu hasemi. Ukimsalimu anaitikia, basi. Tena watu walinong'ona kwamba cheo hiki kilikuwa chake. Mtu aliyepokonywa tonge mdomoni, leo anilee mimi? Nilijiuliza hilo nikifua, nikipika, nikipiga pasi.

Jumatano nikapata akili. Ilikuja oda ya sare za wauguzi, mia tatu. Nikaijaza karatasi ya vipimo mwenyewe, na kwenye mkono wa saizi kubwa nikaandika sentimita ishirini badala ya ishirini na nane, uwe mfupi kuliko hata wa saizi ndogo. Fundi yeyote angeliona kosa hilo akiwa amefumba jicho moja. Kitambaa kingekatwa kesho yake, nami ningeisahihisha karatasi kabla, kwa hiyo hatari haikuwepo. Atakayeniambia ukweli, ndiye mlezi wangu.

Asali aliisoma juu mpaka chini, akausifia mwandiko. Akasema mimi nimezaliwa kiongozi. Nikamshukuru, na moyoni nikamfuta.

Mzee Futi alikuwa mezani na wakataji wake wanne. Akavaa miwani, akasoma polepole. Kidole chake kilisimama pale pale kwenye ishirini, nilikiona kwa macho yangu. Akanitazama mimi, akawatazama wenzake, kisha akaigeuza karatasi kifudifudi, akailaza mezani na kuweka juu yake chuma cha kugandamizia kitambaa. Akasema, "Sawa, Msimamizi." Jioni nilimwona amesimama langoni peke yake. Nikapita upande wa pili, nikijifanya naongea na simu.

Nyumbani nilimweleza baba watoto kwamba mzee anataka nianguke. Akauliza kama nimemuuliza mwenyewe. Nikamjibu kwamba mwizi haulizwi. Kusema kweli sikuwa na huzuni. Nilifurahi, maana shaka yangu ilikuwa imepata ushahidi.

Alhamisi asubuhi niliingia chumba cha wakataji, nikamsema mbele ya wote.

"Mzee Futi, jana uliliona kosa kwenye karatasi yangu, ukanyamaza. Ulitaka tuharibu nguo mia tatu ndipo niondolewe?"

Wakataji wote wakainamisha nyuso. Mmoja aliyekuwa anakunjua kitambaa aliacha mikono ikaning'inia. Mzee alivua miwani, akaniomba tutoke nje kidogo. Koridoni, kando ya marobota, akasema kwa sauti ya chini:

"Kwenye meza yetu, karatasi ikilazwa kifudifudi chini ya chuma, hakuna anayekata. Maana yake ina neno, na neno hilo linasemwa faragha. Mkubwa hasahihishwi mbele ya watu wake. Nilikungoja langoni, ukanipita."

Miaka kumi na moja kwenye cherehani, hatua ishirini kutoka meza ile, na jambo hilo sikulijua kwa sababu sikuwahi kuuliza. Nikamwomba radhi. Nikamweleza yote, kwamba kosa lilikuwa la makusudi, kwamba nilikuwa natafuta mlezi na sasa nimempata. Nikatoa fomu.

Hakuipokea.

"La makusudi," alirudia. "Na mimi jana sikupata usingizi, nawaza ni kitu gani kimekuchanganya mpaka ukakosea hivyo." Akauweka sawa utepe shingoni. "Mwanangu, sina kinyongo. Cheo hiki waliniita mimi kwanza. Nikawaambia mpeni yule anayeshona mikono, hajarudishiwa hata mmoja. Lakini kukulea siwezi. Kila nitakalokwambia, utalichungulia kwanza kama ni mtego."

Nikamwambia Ijumaa ni kesho. Akasema anajua.

Akarudi ndani, nami nyuma yake. Akaondoa chuma, akaigeuza karatasi, akavaa miwani na kuniuliza mbele ya wote, kwa adabu yake ile ile:

"Msimamizi, mkono wa saizi kubwa tukate ngapi?"

Fomu ilikuwa bado mkononi mwangu, bila saini. Ishirini na nane, nikasema. Akaandika, akanishukuru, akawasha mashine.