Kijani Aliyekataa Jina Lake

Mimi kujisifu kwa mafumbo sikuweza tangu utotoni. Nikijisifu, najisifu mchana kweupe. Kwa hiyo mnisamehe tangu sasa, maana jambo tulilolifanya pale kwenye shirika letu la nyumba bado linanivimbisha kichwa.

Shirika linapangisha nyumba kwa watu wa kipato cha chini. Maghorofa tele, wapangaji tele, na kila dawati na taarifa zake. Watu wa kodi walikuwa na zao, mafundi wana zao, wagawaji wa nyumba wana zao, na hakuna aliyemfunulia mwenzake, kama wake wenza kila mmoja na chungu chake. Niliajiriwa kuziweka taarifa zote pamoja. Wakanibandika jina la Bibi Taarifa, kwa kejeli, nami nikalipokea kwa mikono miwili.

Mkuu wa mafundi alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Yeye tulimwita Kijani. Ukumbini palikuwa na skrini kubwa, kila nyumba na kisanduku chake: chekundu kama kuna kitu kibovu kinasubiri fundi, kijani kama mambo ni shwari. Skrini ya shemeji ilikuwa kijani tupu kama tuta la mchicha. Meneja alikuwa akiwapitisha wageni hapo makusudi.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja wa makamo, fundi cherehani, amebeba gauni la bibi harusi lenye doa la kahawia kifuani. Hakutoa salamu. Karani wa kodi akainuka upesi, akamkabili uso kwa uso, wakaanza kuongea kwa mikono.

“Hasikii,” karani akanigeukia. “Dari lake linavuja juu ya cherehani, ndiyo riziki yake hiyo. Kila mara anamtuma jirani alete habari, na hajaona fundi hata mmoja. Sasa dari limeanza kutuna.”

Nikafungua taarifa za mafundi. Nyumba ya huyo mama: imekamilika. Chini yake: imekamilika. Chini yake tena: imekamilika. Damu ikanichemka. Nikamfuata shemeji mezani kwake.

“Shemeji, kwenye nyumba hii mlitengeneza nini?”

Akatazama. “Vijana walikwenda, wakagonga, hakufungua mtu. Wakarudi tena, vilevile. Ulitaka wavunje mlango?”

“Kwa hiyo mkaandika imekamilika?”

“Ndivyo tunavyofanya siku zote. Umefika, umefunga kazi. Nikiiacha wazi, skrini inakuwa nyekundu, na anayebanwa ni mimi, si wewe unayekaa kivulini kubonyezabonyeza.”

“Shemeji, huyo mama hasikii.”

Akainua uso. “Nani kasema?”

“Karani wa kodi anajua tangu mama alipohamia. Nje ya mlango wake pana swichi. Ukiibonyeza, taa inawaka ndani, naye anakuja kufungua. Vijana wako wamemgongea hodi mtu asiyesikia mpaka vidole vikawauma.”

“Sasa mbona karani hakuniambia?”

“Anakaa hapo nyuma yako. Uliwahi kumuuliza?”

Sikumkasirikia yeye peke yake, nilitukasirikia sote. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake, vipande havikuwahi kukutana, na mama wa watu anashona huku maji yanatambaa kwenye nyaya za umeme juu ya kichwa chake.

Karani akamwahidi mama fundi siku hiyo hiyo, mama akarudi kwake, nami hapo hapo nikabadilisha mtambo wa taarifa. Nyumba moja, ukurasa mmoja, na kila dawati linauona. La swichi likaandikwa juu kabisa. Fundi aliyegonga asifunguliwe ataandika hivyo hivyo: tulifika, hatukuingia. Na kazi haifungwi tena na fundi. Inafungwa na mpangaji mwenyewe, kwa kidole chake, kwenye simu ya fundi, akisharidhika. Kisha nikawaita mafundi mmoja mmoja, nikazifungua upya kazi zote ambazo hawakuingia ndani. Skrini ikawa nyekundu tangu juu hadi chini.

Meneja alitoka ofisini kwake kwa kishindo. “Bibi Taarifa, umenimaliza! Kesho wakurugenzi wanakuja!”

“Waje, bosi. Wakaribie.”

“Rudisha kijani mpaka waondoke.”

“Mficha maradhi, kifo humuumbua,” nikamwambia. “Ukitaka kurudisha, rudisha kwa mkono wako. Wangu sitii hapo.”

Akamgeukia shemeji, akijua huyo ndiye mwenye jina la kupoteza. Shemeji aliitazama ile skrini. Kusema kweli nilimwonea huruma.

“Iache, bosi,” akasema. “Nyekundu hiyo ni yangu.” Akabeba ngazi begani. Mlangoni akanigeukia: “Na wewe, usiniite tena Kijani.”

Jioni alinisimulia kwa simu: alibonyeza swichi, mama akafungua, akarudi kukaa kwenye cherehani. Shemeji kuinua macho tu, akamshika mkono, akamwinua kitini, wakaisukuma cherehani mpaka chumba cha pili. Hawajaitua vizuri, wakasikia dari limeporomoka. Yaani alisikia yeye. Mama aliuona uso wa shemeji, akageuka. Kiti alichokuwa amekikalia kilikuwa kimezikwa. Shemeji akabaki hapo hapo, akaziba panapovuja, akaanza kupiga dari jipya.

Kesho yake wakurugenzi wakapangwa mbele ya skrini. Meneja anajifuta jasho. Mwenyekiti wao, mama mwenye miwani mizito, akauliza, “Safari iliyopita palikuwa kijani kitupu. Leo naona moto. Mmezibomoa nyumba?”

“La, mama,” nikasema. “Nyumba ni zilezile. Macho ndiyo mapya.”

“Na mkuu wa mafundi yuko wapi?”

“Tangu jana yuko kwenye dari la mpangaji, mama,” nikajibu. Nikainua mkono kuionyesha skrini. Ndipo nilipoona, pembeni kabisa mwa ule wekundu, kisanduku kimoja kimegeuka kijani. Nilikijua. Sikujizuia, nikapiga kigelegele mbele ya wakurugenzi, na karani wa kodi akanipokea.

“Mnashangilia kisanduku kimoja?” mwenyekiti akauliza.

“Ndiyo, mama. Hiki amekibonyeza mwenye dari.”

Nikamsimulia yote, ya swichi, ya kiti, mpaka ya meneja kutaka kijani cha kuazima, na meneja akainamisha kichwa. Mwenyekiti akavua miwani, akaisogelea skrini, akakigusa kile kisanduku kwa ncha ya kidole. “Nyekundu hizi zibaki,” akasema, “mpaka wenyewe wabonyeze.”

Simu yangu ikalia. Shemeji. Akaniambia alikuwa amelala kidogo tu, na asubuhi mama alikuwa amemkatalia mara mbili: kapanda kiti, kaligonga dari kwa mpini wa mkasi, kamwonyesha pembe isiyolainishwa vizuri. Shemeji kalainisha tena, ndipo mama akakubali kubonyeza. Kisha akanitumia picha ya dari jeupe, chini yake cherehani, na juu ya cherehani lile gauni, limefuliwa likatakata.

Chini ya picha ameandika: “Shemeji, sasa niite Kijani.”