Mwambieni Milembe

Milembe alikuja kwenye kuanua matanga na viatu vya marehemu mumewe miguuni. Vyake vinabana, alisema, na Masunga hana tena pa kwenda. Majirani wa Sapiwi wakaguna.

Leo maneno ya mzee yangesomwa. Siku mjukuu wao Goodness alipotoka Bariadi na kompyuta kuchapa maneno ya wazee wa ukoo, Masunga alimfukuza mkewe: "Nenda kavune pamba. Ya kwako utayasikia nikifa." Akaenda, akimtukana kwa mapenzi.

Kabla ya kusoma, Goodness akamvuta bibi yake nyuma ya nyumba. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na jina la Masunga, kijiji, kisha: Mwambieni Milembe.

"Mwambieni nini? Hata kuku akiitwa hurushiwa punje."

"Bibi, yameishia hapo." Goodness alikuwa analia. "Kila mzee nilimfanyia orodha ya jina, kijiji na maneno yake, nikaiunganisha mwenyewe kwa mikato. Zamu ya babu ilipofika, guku alipokutaja niliweka mkato, nikafungua nukuu. Mashine ikaona mkato ule, ikadhani ni safu nyingine. Nikaiamuru ibakize safu tatu tu, nikahifadhi juu ya faili la zamani."

"Ungefanyaje?"

"Python, lugha ya kompyuta niliyotumia, ina kifaa kiitwacho csv.writer. Unaipa orodha, inafunga maneno yenye mkato kwa alama za nukuu, na nukuu za ndani inaziandika mara mbili. Hakuna kinachomwagika. Nilijifanya mjanja."

"Umepakia pamba kabla gunia halijashonwa mdomo." Milembe akakisogelea kioo. "Na masikio yako?"

"Nilikuwa nachapa, bibi. Nakumbuka alicheka tu."

Alicheka. Masunga alikuwa na kicheko cha kumsuta na kicheko cha kumtaka, na ni Milembe peke yake aliyejua kuvitenganisha.

"Iite hiyo inayoshona," alisema. "Andika."

Goodness akaandika, akalifungua faili kuhakikisha. Yote yalikuwepo, na nukuu zake mbilimbili:

Milembe,Sapiwi,"Mwambieni Masunga, ""Nimesikia yote."""

Waliporudi uani, jirani yao Domitila akauliza, "Haya, mayu, mzee kasemaje?"

"Kasema nisiolewe na mtu mfupi."

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Kisha akainama kukaza kamba za viatu vya Masunga, na hakuinuka upesi.