Msusi Aliyesomewa

Wateja wa yule msusi walijua sharti lake: ukikaa kwenye kiti chake, unasoma. Akishakugawa nywele mistari, anakukabidhi katiba, au sheria ya utumishi wa umma, au mitihani ya miaka iliyopita iliyobanwa kwa stepla, kisha anasema, "Ukurasa wa arobaini, dada. Kwa sauti." Mikono yake inasuka, masikio yanasoma. Kichwa cha rasta ndogo ndogo kilimchukua saa tano, na kwa saa tano alimaliza sura tatu nzima.

Alikuwa na miaka thelathini na tatu, na alikuwa ameamua kufanya mtihani wa kuingia utumishi wa umma. Nafasi zilikuwa sitini, waombaji elfu tisa. Wengi walijiandikisha kwenye vituo vya maandalizi, lakini vipindi vyao vilikuwa mchana, na mchana ndio saluni inapojaa.

"Huna kituo, huna mjomba ofisini," jirani yake muuza vitambaa alimwambia. "Utapitia wapi?"

"Mjomba ninaye, ila anafuga kuku. Nitapitia mlangoni kama watu wengine."

Mteja aliyemsaidia zaidi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama wa maneno machache aliyekuja kila baada ya wiki mbili. Yeye alikuwa akisoma aya moja, anafunga kitabu na kuuliza, "Nimesoma nini?" Msusi alijibu bila kusimamisha vidole. Siku moja mwalimu akamtazama kupitia kioo.

"Kwa mdomo unaweza. Kwa kalamu je?"

Vidole vya msusi vikasimama. Tangu aanze kujiandaa hakuwa ameandika hata ukurasa mmoja.

Jumapili iliyofuata mwalimu alimkalisha kwenye meza ya kulia chakula nyumbani kwake, akampa maswali matano na saa mbili. Muda ulipokwisha, msusi alikuwa amejibu mawili. Mwalimu akasahihisha palepale kwa wino mwekundu. Thelathini na moja kwa mia.

"Haya mawili yameandikwa na mtu aliyefaulu," alisema. "Hayo matatu ni ya mtu ambaye hakuja kwenye mtihani."

Msusi aliondoka uso umemshuka, lakini kabla hajafika kwao alikuwa ameshapata jibu. Alipoanza ususi, kichwa kimoja kilimmalizia siku nzima. Hakuna aliyempa kasi. Vidole vilizoea vyenyewe, kichwa baada ya kichwa. Basi kalamu nayo itazoea.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kufungua saluni, aliandika jibu la swali moja kwa dakika ishirini na nne. Mama yake, aliyeishi naye, ndiye aliyeshika simu yenye saa.

"Kalamu chini."

"Mama, bado sentensi moja."

"Hata mimi nilikuwa na sentensi moja ya kumwambia baba yako, akaondoka. Chini."

Miezi mitatu ilipopita, alikuwa anamaliza na dakika zinabaki.

Siku ya mtihani, maswali matatu ya mwanzo yalimpokea kama wateja wa zamani. La nne lilikuwa na jedwali la maombi ya leseni kutoka wilaya tano, na watahiniwa walitakiwa kuishauri wizara kwa kutumia jumla yake. Msusi akajumlisha mwenyewe. Jumla iliyochapwa ilizidi kwa elfu moja. Akarudia. Vilevile. Akanyoosha mkono.

"Jibu kama lilivyo," msimamizi alimnong'oneza, akapita.

Kalamu za wenzake zilikuwa zinakimbia. Lakini yeye alikuwa mtu wa kufumua mstari mzima kwa sababu ya msuko mmoja uliopinda. Akaandika kwamba jumla hailingani na jedwali, kwamba anatumia takwimu za wilaya, na kwamba kama jumla ndiyo sahihi, basi kuna maombi hayakuorodheshwa, na ushauri wake utabadilika hivi na hivi. Kisha akaingia swali la tano na kulimaliza.

Baada ya wiki saba aliitwa kwenye usaili. Mwenyekiti wa jopo, mama mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, alifungua jalada lake.

"Swali la nne. Kwa nini hukutumia jumla tuliyokupa?"

"Haikuwa sahihi, mheshimiwa."

"Msimamizi aliripoti kwamba alikuambia ujibu kama lilivyo."

"Nilijibu kama lilivyo. Lilikuwa na kosa, nikalijibu na kosa lake."

Mzee aliyekaa pembeni alikohoa kuficha kicheko. Mwenyekiti akashusha miwani.

"Lilichapwa vibaya. Walioliona hawafiki ishirini. Ulisoma kituo gani?"

"Saluni."

"Hicho sikijui. Kiko wapi?"

Msusi akaeleza, tangu kiti hadi vitabu, na jopo lote likamsikiliza hadi mwisho.

Majina yalipobandikwa, mwalimu mkuu mstaafu alishusha kidole kwenye orodha taratibu, kama anayeita mahudhurio, akakisimamisha kwenye jina la msusi, namba kumi na tisa. Alimshika msusi mkono, na hakuuachia mpaka walipovuka barabara.

Mwezi uliofuata, siku ya Jumatatu, msusi aliripoti idara ya usajili. Walimpa meza karibu na dirisha na majalada ya wilaya tatu yaliyochanganyika, wakamwambia ajipe wiki mbili. Aliyamaliza Alhamisi ya wiki hiyohiyo.