Dirisha la Yusufu Lililofura

Tunaanza kwa jina la Mola, aliyeumba nuru kabla ya jicho la kuitazama, naye humwona aliyezikwa kama anavyomwona aliyeachwa bila kuzikwa. Rehema na amani zimfikie Mtume, zimfikie na Yusufu bin Yakubu, aliyetupwa kisimani na nduguze akatolewa na wapita njia, kwani kisa hiki kinapita mlangoni pake.

Watu wake ni hawa. Nurudin, fundi vioo wa Tororo, mtu wa sala, aliyejifunza kazi yake kwa Mhindi mmoja wa Goa huko Kisumu. Awor, mke wa Oketcho. Oketcho mwenyewe, mchimba dhahabu wa Tiira, aliyefukiwa na shimo pamoja na wenzake. Bwana mwenye mgodi, aliyeamuru shimo hilo lijazwe udongo kesho yake, watu wangali wakigonga huko chini, ili maji yake yasiingie katika shimo la jirani lenye dhahabu nyingi zaidi. Kisha padri wa Kiingereza, na Ojiambo, katekista wake.

Jumatatu moja, miaka michache kabla Waingereza hawajaingia vita vyao vya pili, Nurudin alikuwa juu ya ngazi ndani ya kanisa la misheni, akikwangua puti iliyokauka, ule udongo wa kushikizia vioo. Dirisha lilikuwa sadaka ya shukrani ya Bwana mwenye mgodi. Alikuwa amelichagua mwenyewe: Yusufu akipandishwa kutoka kisimani, amevaa joho jekundu. Na kwa kuwa mafundi wa Ulaya hutia dhahabu katika kioo ili kipate wekundu ulio bora, Bwana aliwapelekea dhahabu ya Tiira.

Sasa dirisha lilikuwa limefura kuelekea ndani, kama shavu la mwenye jino bovu. Mikanda ya madini ya risasi iliyoshika vioo ilikuwa imepasuka viungoni. Nurudin aliweka kiganja juu ya joho, akasikia kugonga. Akasogeza uso karibu, akawaona watu wa Tiira ndani ya wekundu ule, wakichimba kwenda juu. Alimjua Oketcho kwa sikio lake lililokatika nusu. Akashuka ngazi, akajipangusa mikono.

"Risasi haina kosa," alimwambia Ojiambo. "Ni watu wanaoegemea."

"Najua," akasema Ojiambo. "Wakati wa mahubiri tope linanidondokea shingoni. Nikiinama, padri anasema nasinzia."

"Nawe husinzii?"

"Nasinzia, mzee. Lakini tope nalo lipo."

Padri alipoelezwa alitazama juu, akatikisa kichwa, akaagiza nondo ziongezwe, maana Jumapili Bwana angekuja kwa ibada ya shukrani.

Awor alifika siku ya pili, amebeba mkeka mpya kichwani. Aliutua chini ya ngazi.

"Fundi, baba, wazee wa ukoo wanataka nizike mgomba badala ya maiti. Nimewaambia, mgomba haukunioa. Mjane asiyezika hanyolewi, wala matanga hayaishi. Nimesikia kwa Ojiambo kwamba mume wangu yuko kwako. Nipe."

 Nurudin alijua kwamba kumsitiri maiti ni deni la wote. Akikosekana wa kulilipa, wote wamepata dhambi. Oketcho hakuwa wa dini yake, lakini alikuwa maiti. Akapanda, akalegeza risasi kwa ncha ya kisu, akakitoa kipande chenye mtu yule. Kilikuwa na joto, kama jiwe lililoanikwa juani.

Awor alikipokea kwa mikono miwili.

"Mzito," akasema. "Huko shimoni amekula nini?"

Wakamzika nyumbani kwao, kando ya njia iendayo Busia, ndani ya mkeka, katika kaburi la urefu wa mtu mzima. Ojiambo akasoma sala. Awor akanyolewa, akaoga, akalala usingizi kwa mara ya kwanza tangu shimo lilipofukiwa.

Pale palipobaki wazi Nurudin alitia kioo chekundu cha taa ya reli, alichopewa stesheni. Hakikuwa na dhahabu ya Tiira wala ya popote. Hakukichora kitu, kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa kuchora nyuso za viumbe. Akatia lehemu viungoni, akafunga nondo, akazikaza. Padri akapendezwa na rangi.

Jumapili, jua lilipoingia, Oketcho alikuwamo katika kioo kipya, na sikio lake nusu. Udongo mweusi wa shambani kwake ulikuwa umemfunika juu ya ule mwekundu wa Tiira. Sasa alikuwa na udongo wa namna mbili wa kuchimba. Bwana aliketi mbele, chini ya dirisha. Tope likamdondokea begani. Akalipangusa kwa leso, akaendelea kuimba. Nondo zilishika vema.

Ibada ilipokwisha, Awor alibaki ameketi sakafuni, pale nuru nyekundu ilipoangukia, kipara chake kikiwaka. Nurudin alimkaribia.

"Hukukosea, baba," akasema Awor. "Kioo umekitoa. Shimo la Tiira ndilo hawajalifukua."

Kisha akauliza, "Hizo nondo, zinamuumiza?"

"Zinamzuia."

"Haya," akasema Awor, akajisogeza kidogo, kwa kuwa nuru nayo ilikuwa imesogea.

Shimo la jirani lilitoa dhahabu miaka mingi. Kila masika dirisha lilifura, na kila masika Nurudin aliitwa, akapanda, akakaza.

Ewe Mola, wape subira waliobaki juu ya ardhi, na mwanamke aketiye katika nuru isiyompa joto. Wafanyie wepesi wanaogonga chini ya ardhi hiyo. Na mikono yetu sisi mafundi, uliyoijalia kukaza, ijalie nayo siku ya kufungua. Amin.